Kambi za Kiyahudi Marekani: kaunsela akimdhalilisha mtoto na bado akabaki kazini, wa kulaumiwa ni nani?

#1 Mwanakwerekwe
Wadau, habari zenu. Swali langu liko kwenye kichwa cha uzi, maelezo haya hapa.

Msimu uliopita wa kiangazi nilikuwa kaunsela, yaani mlezi anayekaa na watoto, kwenye kambi ya watoto wa Kiyahudi huko milima ya Catskills, jimbo la New York. Nilikwenda kwa viza ya J-1, ile ya programu za mabadilishano. Mimi ni Muislamu wa Unguja, na sikuwa peke yangu asiye Myahudi, walikuwepo Waingereza, Wapolandi, Wameksiko. Watu walitupokea vizuri na nitawasifu popote.

Bweni langu lilikuwa la wasichana. Bweni la jirani lilikuwa la wavulana wa miaka tisa, na mmoja wao alikuwa anakojoa kitandani. Hilo tulifundishwa kwenye wiki ya mafunzo kabla watoto hawajafika: wakienda kunywa chai, kaunsela mmoja anabaki nyuma, anabadilisha shuka, anafuta godoro, begi la kulalia analichanganya na nguo za wafanyakazi zinazokwenda kufuliwa. Mtoto anarudi anakuta kitanda kimetandikwa, wenzake hawajui lolote.

Asubuhi moja kaunsela wa bweni lile, kijana wa miaka 19, alimwambia mtoto alibebe begi lake mwenyewe. Ilikuwa saa ya kujipanga uwanja wa bendera, mabweni yote yamesimama. Mtoto akakatiza katikati ya uwanja, begi limelowa, linaburuza kwenye nyasi, wenzake wakaanza kumwimbia. Kaunsela anacheka nao.

Nilikwenda kwa mkuu wa kitengo siku ile ile. Kijana akapewa onyo, akabaki na watoto wale wale mpaka msimu ukaisha. Siku mbili tatu baadaye mtoto alipelekwa zahanati ya kambi kichwa kinamuuma. Alikuwa ameacha kunywa maji mchana kutwa, kwenye jua lile, ili usiku asikojoe.

Basi nauliza. Lawama ni ya kijana, ya mkuu wa kitengo, au ya mfumo mzima wa kambi?

#2 Kinyozi wa Mbagala
Pole sana dada. Inaumiza. Ukimaliza na hili tupe konekisheni ya viza, hata jikoni nakwenda.

#3 Shaaban_Toronto
#2 subiri kidogo, mwenzio ameleta jambo zito.

Mimi naona tatizo ni umri na usingizi. Unamchukua mtu aliyemaliza sekondari juzi, unampa watoto wanane saa 24, anaamka kabla yao, analala baada yao, anapata mapumziko siku moja kwa wiki ukibahatika. Malipo ni kitita cha msimu. Sheria ya shirikisho ya kima cha chini cha mshahara inaziachia kambi zinazofunguliwa miezi isiyozidi 7 kwa mwaka, kwa hiyo ukigawanya kitita kwa saa unaona aibu. Mtu aliyechoka hivyo huruma inamwisha. Simtetei, naeleza tu. Na sheria ya Marekani inataka kaunsela 1 kwa watoto 8, mara nyingi hata hiyo haitimii.

#4 Mhandisi255
Tuseme ukweli. Wanalindana kwa sababu ni Wayahudi. Angekuwa kaunsela Mzanzibari ndiye kafanya vile, angepakiwa ndege jioni ile.

#5 Wakili Mdogo
#4 hoja yako ya kwanza ni mbovu na naomba tusiipe nafasi hapa. Chama cha skauti cha Marekani, Boy Scouts, kiliomba ulinzi wa mufilisi Februari 2020, na waliojitokeza kudai kwamba walinyanyaswa utotoni walizidi 82,000. Kanakuk, kambi kubwa ya Kikristo huko Missouri, mfanyakazi wake alihukumiwa mwaka 2010 kifungo cha maisha mara mbili na miaka 30 juu yake. Hao wote si Wayahudi. Taasisi yoyote inayoishi kwa jina lake zuri hujaribiwa kulilinda hilo jina kwanza.

Hoja yako ya pili ina uzito. Mgeni wa J-1 akifukuzwa kazi, viza yake nayo inayumba. Kijana wa nyumbani akifukuzwa, mama yake anamfuata na gari.

#3, sahihisho. Hakuna sheria moja ya Marekani kuhusu idadi. Hiyo ya 1 kwa 8 ni kiwango cha American Camp Association, chama cha kambi cha huko, kwa watoto wa miaka 9 hadi 14 wanaolala kambini, na kwa miaka 6 hadi 8 ni 1 kwa 6. Ithibati yao ni ya hiari. Sheria yenyewe ni ya kila jimbo. New York inataka kaunsela 1 kwa watoto 10 wenye miaka 8 na kuendelea, na 1 kwa 8 kwa walio chini ya hapo. Kwa hiyo kambi inaweza kuwa ndani ya sheria ya jimbo na bado iko chini ya kiwango cha chama.

#6 Shaaban_Toronto
Nimekusoma wakili, asante.

#7 Yona wa Mbale
Shalom wote. Mimi ni Myahudi wa jamii ya Abayudaya, Uganda, ila shule nimesoma Kenya, ndiyo maana Kiswahili kipo. Nami nimewahi kufanya kazi kambi za huko, upande wa muziki.

#4 hajui alichogusa, ila kuna kitu karibu na hapo. Hawalindani kwa sababu ya dini. Wanalindana kwa sababu kambi ni ukoo. Kambi ya kwanza ya mtandao wa Ramah ilifunguliwa Wisconsin mwaka 1947, ya Wareformu, tawi la Uyahudi lenye mrengo wa kisasa, ikafuata Wisconsin hiyo hiyo mwaka 1952. Bibi alikuwa mtoto wa kambi, mama alikuwa kaunsela, baba na mama walikutania pale ziwani, na sasa mtoto wao ndiye huyo kaunsela wa miaka 19. Mkuu wa kitengo amemjua tangu anapoteza meno ya utoto. Utamfukuzaje? Ukimfukuza, familia nzima inahisi imetengwa, na wafadhili wa kambi ndio hao hao.

Na kambi kwa Wayahudi wa Marekani si mchezo wa likizo. Ni mahali mtoto anaposhika Sabato kwa furaha, anajifunza nyimbo, anajiona si mchache. Kitu unachokipenda hivyo, kukikosoa ni kazi. Ndiyo maana nilipoona mwaka 2022 Union for Reform Judaism, chama cha hao Wareformu, wametoa hadharani ripoti ya mawakili wa nje, Debevoise & Plimpton, kuhusu mienendo mibaya kwenye programu zao, kambi zikiwemo, niliheshimu. Kabla ya hapo, 2018, Foundation for Jewish Camp, shirika la kusaidia kambi za Kiyahudi, walishaanzisha mpango wa Shmira kuhusu unyanyasaji wa kijinsia kambini. Kwa hiyo wanajua. Kazi ni kushusha hiyo elimu mpaka kwa kijana wa bwenini.

#8 MamaTwins Ohio
Mimi ni Mkenya, wanangu wamekwenda kambi ya mchana ya JCC, kituo cha jamii ya Kiyahudi, misimu kadhaa, wanapokea hata sisi tusio Wayahudi. Sijawahi kuona kitu kama cha #1. Lakini kambi ya mchana mtoto anarudi jioni, unamuogesha, unamuuliza. Akirudi amenyamaza unajua. Kambi ya kulala simu zimechukuliwa, mawasiliano ni barua, mzazi anaona picha tu mtandaoni mtoto akitabasamu. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa: mlango umefungwa.

#9 Mzee wa Korogwe
Wanangu, mnashangaa Marekani? Nimekaa bweni la shule hapa hapa nyumbani, kikojozi alikuwa anabeba godoro kila asubuhi na kiranja ndiye anayemsimamia. Tulikua, tukaoa.

#10 Mwanakwerekwe
Shikamoo mzee. Naheshimu, ila mtoto wa #1 alikuwa anajinyima maji. Sitaki akue na hilo.

#11 Mzee wa Korogwe
Marahaba binti. Sikusema ilikuwa sawa.

#12 Dada Neema
Mimi ni nesi, nipo Pennsylvania, na nimewahi kuchukua likizo yangu nikaenda kufanya kazi zahanati ya kambi. Naomba niongeze la kitaalamu maana hapa ndipo pameniuma.

Kukojoa kitandani kwa mtoto wa miaka tisa si ajabu. Hata wakifika miaka 10, karibu watoto 5 katika 100 bado. Wengi huja kambini na kidonge cha desmopressin, ambacho hupunguza mkojo usiku. Mwenye kutumia hicho lazima apunguze maji kuanzia saa moja kabla ya kukimeza hadi saa nane baadaye, la sivyo chumvi ya damu inashuka, hiyo ni hatari. Lakini mchana anatakiwa anywe vizuri! Sasa mtoto aliyeambiwa nusu ya hayo, halafu akadhalilishwa, atajitungia sheria yake: asinywe kabisa.

Jambo jingine. Dawa za usiku zinagawiwa wapi? Kama ni foleni mbele ya zahanati, kila mtoto anaona nani anapewa nini. Kambi niliyokuwepo tulipeleka dawa za usiku bwenini kwa utaratibu, kila mtoto ana bahasha yake, za mzio na za pumu zinapita pamoja na hizo, hakuna anayejua ipi ni ya nini. Kaunsela anaelezwa na nesi ana kwa ana. Kwa hiyo kabla sijamlaumu kijana, ningeuliza zahanati ilimwambia nini. Wakati mwingine fomu ya afya ya mtoto inabaki kwenye faili ofisini na aliyelala naye bweni moja hajui lolote.

#13 Mwanakwerekwe
Dada Neema, alijua. Utaratibu wa shuka alikuwa anaufanya siku zote za mwanzo. Siku ile aliamua tu.

#14 Dada Neema
Basi hilo ni jingine kabisa.

#15 Shaaban_Toronto
Ndiyo maana nasema uchovu. Aliweza mwanzo, baadaye akashindwa.

#16 Wakili Mdogo
Uchovu unamfanya mtu asahau shuka. Kumtembeza mtoto uwanjani ni kutaka watu wacheke. Mimi sikubali vichanganywe.

Na kisheria tusiishie kwenye onyo. New York kambi inakaguliwa na idara ya afya mara mbili kwa mwaka, angalau mara moja watoto wakiwemo. Mkurugenzi wa kambi ya kulala yumo kwenye orodha ya watu wanaolazimika kisheria kutoa taarifa akihisi mtoto anatendewa unyama. Madai ya kupigwa au kunyanyaswa kingono lazima yaifikie idara ya afya ndani ya saa 24. Tatizo ni kwamba la #1 halina kipigo wala ngono. Kumdhalilisha mtoto kwa maneno na kicheko linaangukia katikati, na hapo katikati kila kambi inajiamulia.

#17 Kinyozi wa Mbagala
Wakili nimekuelewa. Na viza je? Naomba kwa heshima.

#18 Wakili Mdogo
Haya. J-1 ya kaunsela: umri kuanzia miaka 18, muda hauzidi miezi minne, na hairuhusiwi kukuweka mpishi, muosha vyombo wala mfagiaji. Kazi za jikoni hupitia mpango mwingine wa J-1, Summer Work Travel, ambao ni wa wanafunzi wa chuo waliopo masomoni. Kote kuna taasisi mdhamini ya viza, na ukionewa unawapigia hao. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani nayo ina simu ya dharura kwa watu wa J-1. Anayekwenda aihifadhi kabla ya kupanda ndege.

#19 Kinyozi wa Mbagala
Mimi si mwanafunzi. Basi nabaki Mbagala.

#20 Mama Zai Muscat
Kinyozi baki, tunakuhitaji Idi 😄

Mwanakwerekwe mdogo wangu, chakula ulikuwa unakula? Maana sisi wa kwetu hapo ndipo tunapohangaika.

#21 Mwanakwerekwe
Dada, nilikula bila wasiwasi. Nguruwe hakuna. Jiko la nyama na jiko la maziwa ni mbali mbali, sahani mbali mbali, ukichukua kijiko cha huku ukapeleka kule utasikia bwalo zima linakuita. Ijumaa jioni wote wamevaa nyeupe, mkate ule wa kusukwa, kuku, nyimbo na kupiga meza. Mtoto niliyemsema alikuwa anaimba kuliko wote Ijumaa ya kwanza. Ndiyo inayoniudhi zaidi. Mahali palikuwa pazuri kwake.

#22 Yona wa Mbale
Ulikuwepo Tisha b'Av, ile siku yetu ya mfungo wa maombolezo?

#23 Mwanakwerekwe
Nilikuwepo. Makaunsela waliofunga walikuwa taabani kufikia saa tisa mchana, hakuna maji wala chakula tangu jana yake magharibi.

#24 Yona wa Mbale
Ni karibu saa 25, na ndiyo siku kubwa ya kufunga inayoangukia kambini kila mwaka. Watoto hawalazimiki, wasichana mpaka miaka 12, wavulana mpaka 13. Ila naitaja kwa sababu ya #3. Siku kama ile unapima uongozi. Kambi nzuri inapanga wasiofunga, ninyi Waislamu na Wakristo, wasimamie shughuli nzito, na waliofunga wakae na watoto kivulini. Kambi mbovu inaacha ratiba ile ile.

Na kwa hili namuunga mkono Shaaban nusu. Kiangazi cha 2024 nilikuwa na wenzangu waliotoka Israeli, wengine wametoka jeshini moja kwa moja, wana misiba ya vita. Walikuwa wanatakiwa wachekeshe watoto asubuhi mpaka usiku. Siku hizi kambi nyingi za Kiyahudi zinaajiri wataalamu wa afya ya akili wa kukaa kambini msimu mzima, Foundation for Jewish Camp wana mpango wa Yedid Nefesh kwa ajili hiyo. Sisi tulikuwa na mama mmoja, mtaalamu wa ustawi wa jamii, amekaa kwenye kiti cha kukunja chini ya mti, yeyote anakuja, mtoto au kaunsela. Ninyi mlikuwa naye?

#25 Mwanakwerekwe
Alikuwepo wa siku mbili kwa wiki. Foleni yake ilikuwa ya watoto wanaolia kukumbuka nyumbani. Makaunsela hatukuwa na muda wake.

#26 MamaTwins Ohio
Hapo kwenye kukumbuka nyumbani, wazazi nasi tuna sehemu yetu. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, American Academy of Pediatrics, kiliandika mwaka 2007 kwamba usimwahidi mtoto "ukishindwa nitakuja kukuchukua". Wengi wetu ndivyo tunavyoagana. Mtoto anakaa anasubiri kushindwa, kaunsela anabeba mzigo usio wake. Na mzazi wa huyu wa #1, aliambiwa lolote?

#27 Mwanakwerekwe
Aliambiwa kuhusu maumivu ya kichwa na maji. Kuhusu uwanja wa bendera, sidhani.

#28 MamaTwins Ohio
Basi kwangu kesi imekwisha. Lawama ni ya kambi. Kijana alikosa mbele ya watu, wao wamekosa wamejificha.

#29 Mhandisi255
Naondoa la dini, nabakiza la pili. Kijana angekuwa mgeni angeondoka. Yona mwenyewe amekiri ni ukoo.

#30 Yona wa Mbale
Nimekiri ukoo, ila kumbuka ukoo huo huo ndio unaomrudisha mkubwa wa miaka 40 akaseme "mwaka fulani nilifanyiwa hivi". New York ilipopitisha Child Victims Act, sheria ya walionyanyaswa kingono utotoni, mwaka 2019 ikafungua dirisha la madai ya zamani mpaka Agosti 2021, zilishtakiwa shule, makanisa, na kambi pia. Kuna wanaoshtaki huku wanaipenda kambi yao. Na mimi sikubaliani na kumfukuza kijana papo hapo. Ningemtoa bwenini, nimweke kwenye vifaa vya michezo, halafu mwezi wa tisa nikae naye na wazazi wake.

#31 Wakili Mdogo
Yona, mtoto atamwona kwenye vifaa vya michezo kila siku.

#32 Yona wa Mbale
Kweli. Ila akifukuzwa, watoto wa bweni watamlaumu mtoto yule kwamba kawapotezea kaunsela wao. Walimpenda, si ndiyo Mwanakwerekwe?

#33 Mwanakwerekwe
Walimpenda sana. Anapiga gitaa, anawasomea hadithi na sauti za wanyama. Ndiyo maana walimfuata kuimba.

Jingine wadau. Kambi wameniandikia wananitaka tena msimu ujao, na ngazi juu, msaidizi wa mkuu wa kitengo. Nataka kuwajibu kwa masharti. Nimeandika matatu: (1) kaunsela aliyemdhalilisha mtoto anatolewa bwenini siku hiyo hiyo, iandikwe kwenye kanuni za kazi, (2) mzazi anaambiwa tukio lenyewe, na siku hiyo hiyo, (3) taarifa yangu ya msimu uliopita niioneshwe iliko, kwa maandishi. Kuna la kuongeza?

#34 Wakili Mdogo
La tatu lipeleke kwa mkurugenzi moja kwa moja, usilipitishe kwa mkuu wa kitengo. Taja tarehe na ulimwambia nani.

#35 Dada Neema
Ongeza la zahanati: dawa za usiku zigawiwe kwa bahasha, na kaunsela aelezwe na nesi kabla mtoto hajalala usiku wa kwanza. Na uliza zamu ya usiku, makaunsela wakitoka mapumziko saa tatu, mlinzi mmoja anabaki na mabweni mangapi. Kambi niliyokuwepo alikuwa anakaa kibarazani, bweni mbili. Nimesikia kwingine ni tano.

#36 Mwanakwerekwe
Kwetu yalikuwa manne. Nimeongeza.

#37 Shaaban_Toronto
Ongeza na saa za kulala za makaunsela, tafadhali. Wakili atakataa, ila weka.

#38 Wakili Mdogo
Sikatai kabisa, weka. Nilichokataa ni kumpa kijana kisingizio.